Bafu Jeupe la Dada Zainabu

Mjukuu wangu anajenga Chumbageni, na juzi alinipeleka nikaone bafu lake. Kaweka vigae vya kuteleza mpaka darini, feni, na bomba la mvua linalomwaga maji kwa upole kama linakuomba radhi. "Bibi," akaniambia, "humu hata jua la mwezi wa pili hutalijua." Nikamjibu kwamba mimi nimewahi kuoga kwenye bafu baridi kuliko hilo lake, na halikuwa na waya hata mmoja. Akacheka, maana vijana wa siku hizi wanadhani baridi ilikuja na umeme. Nilikuwa bado natafuta neno la kumkata kilimi simu ilipolia. Alikuwa Rehema, kutoka Ngamiani. "Mama mdogo," akasema, "mama ametangulia. Njoo. Aliacha neno kwamba wewe uwepo kwenye kumwosha, na aoshwe bafuni kwake, si kwingine." Nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa pale. Mjukuu wangu akaniuliza kama ni joto. Nikamwambia ndiyo, joto, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya bafu lile, na hata leo sijui kama nitayaeleza yakaeleweka. Lakini nitajaribu, kwa kuwa waliokuwepo mwaka ule wote wamekwisha, nimebaki mie.

Niliolewa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, wakati mkonge ndio uliokuwa ukiilisha Tanga. Waume zetu walikuwa ndugu, na wote wawili walifanya kazi gatini. Dada Zainabu alikuwa mke wa mkubwa, Bakari, na mimi mke wa mdogo, na sote tulikaa nyumba moja ya Ngamiani na mama mkwe wetu, Bi Mwanaisha. Nyumba ilikuwa ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko, choo, na kiambaza cha mabati tulichokiita bafu. Mtu aliyeoga humo saa sita mchana alitoka na jasho zaidi ya aliloingia nalo. Mabati yalichoma kiganja, na maji ya kwenye pipa yalikuwa ya kupikia ugali. Mimi nilifika mwezi wa kumi na moja, kaskazi inaanza. Nilikuwa na mdomo, sikatai, na wiki ya kwanza tu nikasema mbele ya mama mkwe kwamba kwetu Muheza hata mbuzi hatuwaogeshi mahali kama pale. Mama mkwe akanitazama, akaendelea kukuna nazi. Dada Zainabu ndiye aliyecheka, na hapo ndipo tulipopendana.

Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu, na hakuwa na mtoto hata mmoja. Wa kwanza, wa kiume, aliishi siku chache. Wa pili, wa kike, alizaliwa kimya. Haya sikuambiwa na yeye, niliambiwa na jirani wakati tunachambua mchele, kwa sauti ya chini, na nikaonywa nisije nikayataja. Katika nyumba ile hakuna aliyeyataja. Waliona kumtajia mama watoto wake ni kumtonesha kidonda, basi wakanyamaza, mume, mama mkwe, majirani, wote. Ukiingia ukawakuta wanaongea habari za mtoto wa mtu, waligeuza mazungumzo yakawa ya samaki. Nami nikajifunza kuongea habari za samaki.

Joto lilimwingia mwilini mwaka ule mpaka tukaogopa. Alilala kwenye sakafu ya ukumbi na kanga iliyoloweshwa kifuani, miguu imemvimba, hataki chakula isipokuwa chungwa bichi na chumvi. Siku moja wakati wa kula, sote tuko mkekani, wali na mchuzi wa changu katikati, akasema taratibu kwamba anataka bafu. Bafu la kuogea tu, choo kibaki uani. Liwe ndani ya nyumba, jeupe, lenye mwanga na hewa. "Na mie nalitaka kwenye kile chumba cha mwisho," akasema.

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya sinia. Chumba cha mwisho kilipakana na cha Dada Zainabu, ukuta mmoja tu katikati, na kilifungwa daima. Nilikuwa nimeingia mara moja kutafuta ungo. Hakikuwa na kitu ila kitanda cha kamba kilichosimamishwa kwa miguu ukutani, na kilikuwa na giza na ubaridi wa ajabu. Huko nje mabati yanalia kwa jua, mle ndani nywele za mkono zilinisimama. Nilitoka na ungo, na mpaka jioni ule ungo ulinuka kafuri.

"Chumba kile kina nini zaidi ya vingine?" mama mkwe akauliza.

"Kina baridi, Mama."

"Bafu zuri si jambo la kheri, mwanangu. Bafuni mtu huingia, akajimwagia maji, akatoka. Ukipafanya pazuri utakaa. Si pa kukaa pale. Kuna wenyewe."

"Bakari," Dada Zainabu akamgeukia mumewe, "wewe wasemaje?"

Bakari alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kubeba magunia. Akaukandamiza wali kwenye vidole muda mrefu, hakuupeleka mdomoni. Nilimwona akimtazama mama yake, na mama yake akimtazama, na kati yao kulikuwa na jambo ambalo lingesemwa kwa neno moja tu, na neno lile hakuna aliyekuwa tayari kulisema mbele ya Dada Zainabu. "Kama wataka," akasema mwishowe, "tutajenga."

Basi Dada Zainabu akaamka. Nasema akaamka kwa sababu tangu nifike nilikuwa namwona kalala. Alichukua kaa la jiko akachora sakafuni, akafuta, akachora tena, na mimi nikiwa mshauri wake. Ukuta wa mashariki utobolewe tundu refu juu, jembamba, upepo wa bahari uingie bila jicho la mtu. Ukuta wa pili tundu jingine, chini, ili hewa ya moto isukumwe. Bati la upande ule liondolewe, paezekwe makuti mazito. Sakafu iwe ya mawe ya matumbawe yaliyosuguliwa, yenye mteremko kuelekea mfereji. Birika ijengwe pembeni, nusu yake izame ardhini, maji yapate ubaridi wa mchanga. Kuta zipakwe chokaa, na chokaa itiwe bluu kidogo ya kufulia, maana weupe mtupu huumiza macho, bali weupe wenye bluu humpoza mtu kwa kuutazama tu. Na jambo la mwisho lilinishangaza. Alitaka vitako vya chupa za kijani vipachikwe ukutani, safu moja, chini kabisa, usawa wa goti. Nikamwambia, "Dada, mwanga wa kule chini ataufaidi nani, paka?" Akaendelea kuchora.

Fundi aliitwa Makame, Mpemba, mwenye majigambo yasiyo na mwisho. Kwa maneno yake hakukuwa na nyumba ya maana kutoka Wete mpaka Tanga ambayo hakuiwekea mkono. Alipiga mluzi akifanya kazi, jambo ambalo mama mkwe hakulipenda, lakini alinyamaza. Siku aliyoanza kuchimba mfereji katikati ya chumba, tulikuwa uani tunatwanga bizari, mluzi ukakatika. Tukangoja uendelee, haukuendelea. Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa amesimama ndani ya shimo lililofika nusu ya ugoko, akiutazama mchanga. Ilikuwa kaskazi kavu, hata kisima cha mtaa kilitoa matope, lakini mchanga ule ulikuwa mweusi, laini, umelowa. Na ile harufu ya kafuri ilipanda ikajaa chumba.

"Hapa pamekwisha chimbwa, bibi," akaniambia, na sauti yake haikuwa ile ya majigambo. "Si mara moja."

Kabla sijamuuliza, mama mkwe alikuwa nyuma yangu na chetezo, moshi wa ubani unafuka. "Mbu," akasema, akakizungusha chumba kizima, pembe kwa pembe, midomo ikimchezacheza. Kisha akamwambia fundi aendelee na kazi yake. Makame akaendelea, lakini tangu siku ile hakupiga mluzi tena, na kila siku alitoka kabla ya adhuhuri, akarudi alasiri.

Bafu lilipokwisha, wanawake wa mtaa walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi. Na lilikuwa zuri, jamani. Ulikuwa ukitoka kwenye ukumbi wenye joto la kukaba koo ukavuka kizingiti, mwili wote ukashusha pumzi. Chokaa ilikuwa kama maziwa yaliyochujwa. Birika ilikuwa na visamaki vya mtoni, vilivyotiwa kula viluwiluwi vya mbu, na juu ya ukingo wake palikaa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Zile chupa chini ya ukuta zilimwaga mwanga wa kijani sakafuni, na mwanga ule ulitembea. Nilidhani unatoka kwenye maji yanayotikisika. Siku moja nilisimama nikayatazama maji ya birika mpaka yakatulia kabisa, visamaki vimejificha, hata unyoya ungekaa juu yake. Mwanga uliendelea kutembea, chini, usawa wa goti, ukienda pembeni na kurudi. Nilitoka bila kuoga.

Dada Zainabu alinawiri. Uvimbe ulipungua, akala, uso ukarudi rangi yake. Lakini alikaa mle. Aliingia baada ya kupika, akatoka tunapoadhiniwa alasiri, na wakati mwingine nilimsikia anasema, polepole, bila mtu wa kumjibu. Sote tumelelewa kwamba bafuni mtu hasemi, haimbi, hata salamu haitikii. Yeye alisema. Nikaanza kuogopa kwa ajili yake, na kwa ajili ya kile kilicho tumboni.

Kisha ikaja siku ya kata. Ulikuwa mchana, saa saba, ile saa ambayo Ngamiani yote hulala na barabara huwa nyeupe haina hata mbwa. Wanaume wako kazini. Mama mkwe kaenda kumjulia hali mgonjwa. Mimi na Dada Zainabu tumejinyoosha mkekani ukumbini, mgongo kwa mgongo, na mlango wa bafu uko pale karibu na miguu yetu, umefungwa. Nikasikia kata ikigonga ukingo wa birika. Ikachota. Maji yakamwagika kidogo, yakasita, yakamwagika tena kidogo, namna ya mkono mdogo usioweza kubeba kata iliyojaa. Nilifikiri ni Dada kaingia. Nikanyoosha mkono nyuma, nikamgusa bega. Alikuwepo. Nikainuka nusu, na yeye, bila kufumbua macho, akanishika ushungi.

"Usiende," akasema. "Waache."

Sikuuliza ni akina nani. Nililala tena, nikaushika mkono wake, tukasikiliza mpaka mwadhini alipoanza. Siwezi kusema niliyoyasikia yalikuwa nini. Mimi si mtu wa kuona majini kila kichaka, na nimewakemea wengi kwa mambo hayo. Lakini niliyasikia.

Kumbe mama mkwe naye alikwisha yasikia. Wiki ile alikuja Bi Riziki, mwoshaji maiti wa mtaa, mwanamke mnene mwenye mikono laini, wakajifungia jikoni. Nilikuwa nimebeba kuni, nikasimama nyuma ya kiambaza, na sijuti.

"Hujamwambia mpaka leo?" Bi Riziki akauliza.

"Nimwambieje, Riziki? Nimwambie watoto wako wote wawili mifuo yao tuliichimba mle, na sasa waoga juu yake? Alikuwa mzazi, kalala chumba cha pili hajitambui. Tulimficha ili apone."

"Na huyu wa tumboni?"

"Ndilo linaloninyima usingizi. Wenziwe wanacheza pale pale anapokaa mama yao. Watamwita, naye ataitika."

Siku hizi maiti huoshwa kwingineko, vijana wengi hawajui mfuo ni nini. Ni lile handaki dogo linalochimbwa ndani ya nyumba, kitanda cha kamba kikawekwa juu yake, maji ya kumwoshea marehemu yakaingia humo yakafukiwa. Mahali pale watu hawapakanyagi ovyo. Ndipo nikaelewa kafuri, na mchanga mweusi, na kile kitanda, na wali uliokwama mkononi mwa Bakari. Sote tulikuwa tumemwacha ajijengee bafu juu ya watoto wake, kwa kumhurumia.

Kesho yake mama mkwe alitia kufuli mlango wa bafu. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua hazijaja, joto limefika mahali pa kutia watu wazimu, na mimba imefikia mwezi wake. Dada Zainabu aliikuta kufuli asubuhi. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango, na tumbo lile, akakataa kula, akakataa kunyanyuliwa. Jasho lilimtiririka mpaka likalowesha sakafu. Jioni midomo ilikuwa imempasuka. Bakari akambembeleza, hakusikia. Mimi nililia wazi, nikamwambia mama mkwe, "Mama, atakufa na mtoto wake hapa hapa mlangoni, na kufuli hiyo utaitazama vipi?" Nadhani ndiyo mara ya kwanza mkwe kumsemesha vile mama yule.

Mama mkwe alipiga magoti mbele yake, ufunguo uko kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, mle ndani kuna jambo hulijui."

"Nalijua," Dada Zainabu akasema.

"Nilikuwa nimelala upande wa pili wa ukuta, Mama. Mwasema sikujitambua. Nilisikia jembe. Nilisikia kila kata mliyomwagia mwanangu, yule wa kwanza, na yule dada yake. Nilingoja mnilete nimshike. Hamkunileta. Mliwaosha gizani, mbiombio, mnalia, mkawatoa kwa mlango wa uani nisione. Kisha mkaniambia habari za samaki." Akaupapasa mlango nyuma yake. "Sikujenga kwa ajili ya joto. Mimi ni mama yao, sikuwaogesha hata siku moja. Nilitaka pale walipo pawe na mwanga. Pawe na hewa. Wawe na kadirisha kao, usawa wao."

Bakari, yule mtu wa magunia, aligeukia ukuta akalia kama mtoto. Mama mkwe alihangaika na fundo la pindo asiweze kulifungua, nikamfungulia mimi, akaingiza ufunguo. Baridi ile ikatoka ikatupiga usoni sote. Dada Zainabu akaingia akiegemea kuta, akaita majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia, akawaambia, "Mdogo wenu anakuja. Msimwite. Mwacheni akae na mimi." Uchungu ulimshikia mle mle, miguu ikiwa majini.

Rehema alizaliwa kabla jua halijazama, akalia mpaka majirani wakapiga vigelegele kutoka nyumba zao. Mama mkwe alitaka aogeshwe uani. Dada Zainabu akakataa. Alimbeba mwenyewe, amejifunga kanga ya kisutu, mkunga na mimi tumemshika huku na huku, akamwogesha kando ya birika kwa kata ile, polepole, kila kidole. Mwanga wa kijani ulikuwa umetulia miguuni kwetu, haukutembea. Na tangu siku ile kata haikugonga tena yenyewe. Nilikaa nyumba ile miaka mingi, nikazaa wangu, nikawaogesha mle, na mara nyingi mchana nilijilaza ukumbini kusudi nikitega sikio. Kimya. Dada Zainabu hakufurahi kwa kimya kile, niliona. Alikuwa ameomba, amepewa, na alichopewa kilikuwa na upande wake wa pili.

Nilipofika Ngamiani juzi nyumba ilikuwa ileile, bati jipya, lakini makuti ya upande ule Dada Zainabu hakuruhusu yaondolewe mpaka alipokufa. Rehema sasa ni mzee, ana wajukuu. Tulimwosha mama yake bafuni, yeye na mimi na mwoshaji, juu ya mawe yale yaliyolika katikati kwa miguu ya watu. Hatukuhitaji kuchimba chochote. Maji yaliteremka yenyewe kwenye mfereji wake. Tulimpaka kafuri, tukamvisha sanda, wanaume wakamchukua, na nyumba ikabaki na wanawake waliochoka, wamejinyoosha ukumbini, saa saba ya mchana.

Mimi na Rehema tulikaa mkekani, mlango wa bafu uko karibu na miguu yetu, umefungwa. Kata ikagonga ukingo wa birika. Safari hii ilichota ikajaa, ikainuka bila kumwaga tone, na maji yakateremka taratibu, muda mrefu, kwa mkono wa mtu mzima asiye na haraka. Ikachota tena. Rehema aligeuka akawahesabu kwa macho wanawake waliokuwa ukumbini, akaona wote wapo. Akaweka kiganja chini ainuke.

Nikamshika ushungi.

"Mwache mama yako," nikamwambia. "Anawaogesha."